Limesimama Bila Kibali

Aliambiwa aanze na dashibodi. Viti aviache, milango aiache, injini asiiguse. Mkaguzi wa serikali alikuwa anakuja saa nane mchana, na kabla hajatia mguu getini kila kipande cha kile kifaa cha kulifuatilia lori kiwe kimeshatoka.

"Hata skrubu," meneja wa magari alisema. Alikuwa amesimama hatua kumi nyuma, leso puani, viatu vyake vikikwepa maji meusi yaliyokuwa yakivuja chini ya lori. "Sitaki mtu akute hata skrubu."

"Na mkaguzi akiuliza kiko wapi?"

"Kimeungua. Vitu si huungua?"

Mama Kucha akapanda. Lori lilikuwa limeletwa asubuhi ile likiburutwa kwa mnyororo, baada ya kukaa siku kumi na moja kwenye uwanja wa polisi, mvua yake, jua lake. Lilikuwa limebeba magodoro, na godoro likishika moto halina subira. Usukani ulibaki duara la chuma. Kiti cha dereva kilibaki springi tupu, zimesimama wima kana kwamba bado zinamsubiri mtu. Hakukaa. Alipiga magoti palipokuwa na pedali, akaingiza mkono nyuma ya dashibodi, mahali ambapo mkono wake ulipajua bila msaada wa macho, akakigusa kile kibati alichokifunga mwenyewe kwa skrubu nne. Tatu zilikuwepo.

Ndipo ile harufu ilipokuja.

Haikuwa harufu ya kuungua. Hiyo alikuwa ameshaizoea tangu alipofungua mlango. Hii ilikuwa tamu na kali, ya kupanda puani, kama mtu aliyefungua chupa ya rangi ya kucha kwenye chumba kisicho na dirisha. Ndivyo inavyonuka betri ya kifaa kile ikipasuka, lakini haiwezekani, alijiambia. Betri ikishaungua haibaki na kitu cha kunukia, na kama kingebaki, mvua ya siku zote hizo ingekimaliza. Hilo alilijua kama fundi. Lakini pua haina ufundi. Tangu ajali ile alikuwa akiisikia harufu hiyo kwenye mto wake, kwenye maji ya kunywa, kwenye nguo zilizokaukia juani. Aliisikia hata makaburini, udongo ukimwagwa juu ya shemeji yake, mume wa mdogo wake wa tumbo moja, ambaye ndiye aliyekuwa amekalia zile springi.

Mama Kucha lilikuwa jina la utani alilopewa na madereva. Kucha zake mwenyewe zilikuwa fupi na nyeusi kwa grisi, hazikuwahi kuona urembo tangu siku ya harusi yake, na mume wa harusi hiyo alishafariki miaka mingi. Lakini juu ya meza yake ya kazi, katikati ya koleo na bisibisi, haikukosekana chupa ndogo ya rangi nyekundu ya kucha. Mgeni akiiona hucheka. Aliyejua kisa chake hakucheka.

Kila lori la kampuni lilikuwa na kifaa kidogo kilichofichwa nyuma ya dashibodi, kinachoiambia ofisi lori liko wapi, linakwenda kasi gani, limesimama wapi na kwa muda gani. Madereva walikiita shushushu. Shushushu huyo alikuwa na betri yake mwenyewe, bapa, ya lithiamu, nyembamba kuliko biskuti, ili hata dereva akikata waya wa lori yeye aendelee kusema. Hapo ndipo balaa lilipojificha. Nyuma ya dashibodi ni tanuri. Betri ililala humo kutwa ikipikwa na injini upande mmoja na jua upande mwingine, na baada ya miezi kadhaa ilianza kutuna kama mkate uliotiwa hamira. Shushushu mwenye betri iliyotuna hufunga mdomo. Na lori ambalo shushushu wake kanyamaza haliruhusiwi kutoka getini.

Betri mpya zilikuwa zinaagizwa kutoka ofisi kuu. Fomu iliyokwenda ofisi kuu ilikuwa kama mtu aliyehamia mbali: habari zake unazisikia, mwenyewe humwoni. Na dereva asiye na lori hana kazi. Kwa hiyo ni madereva wenyewe waliokuja kumbembeleza. Fundi, hebu ikande kidogo. Akaikanda kwa dole gumba, ikakubali. Baadaye dole gumba halikutosha, wakabuni kupiga pasi. Betri iliwekwa katikati ya vibao viwili laini, vibao vikabanwa kwenye meno ya jiliwa lililofungwa mezani, mkono wa jiliwa ukazungushwa polepole, robo, na robo nyingine, kisha ikaachwa imebanwa hivyo mpaka saa ya chai. Ikitoka imelala bapa. Ikazungushiwa utepe mweusi, ikarudi kazini. Shushushu anasema tena, geti linafunguliwa, kila mtu anamshukuru Mungu.

Kwenye ngozi ya kila betri palikuwa na picha mbili ndogo: moto uliokatwa kwa mstari, na nyundo iliyokatwa kwa mstari. Mama Kucha hakuwa kipofu. Ndiyo maana alinunua rangi ya kucha. Betri iliyopigwa pasi mara moja aliitia nukta moja. Mara mbili, nukta mbili. Ikituna mara ya tatu ilikuwa ya kutupwa kwenye ndoo ya mchanga, hakuna mjadala. Sheria hiyo aliitunga yeye, hakuna aliyemwagiza, na aliionea fahari. Katika gereji nzima yeye peke yake ndiye aliyekuwa anahesabu.

Ya shemeji yake ilikuwa na nukta mbili alipoichomoa asubuhi ya safari ile, na ilikuwa imetuna kuliko zote alizowahi kuzishika.

"Hii ya kutupa," alimwambia meneja.

"Mpya zinakuja wiki ijayo."

"Basi lori lisubiri wiki ijayo."

Meneja alicheka, akawatazama madereva wengine ili nao wacheke. "Magodoro ya hospitali hayo. Unataka wagonjwa walale chini kwa sababu yako?"

Shemeji yake alikuwa ameegemea mlango wa lori, kofia mkononi. Kwa kuendesha kwake walimwita Taratibu. Miaka kumi na tisa barabarani hakuwahi kukwaruza hata kioo cha pembeni, na wenzake walisema konokono akimpita humpungia mkono. "Nipigie pasi, shemeji," alisema. "Nimeshakaa bila safari mara mbili mwezi huu. Nikikaa na hii, lori atapewa mwingine."

"Ina nukta mbili."

"Itie ya tatu, ipendeze. Ila usinidondoshee rangi kwenye shati, mdogo wako ataniuliza nani kanipaka."

Watu walicheka, na yeye Mama Kucha akacheka. Hicho kicheko ndicho kilichokuwa kikimwamsha sasa. Aliibana. Ilikuwa ngumu siku hiyo, na katika robo ya mwisho alisikia kitu kikialika ndani yake, sauti ndogo, kama mbegu kavu inapopasuliwa kwa jino. Akajiambia ni kibao. Akaitia nukta ya tatu, akaipuliza ikauke, akaifunga kwa skrubu nne.

"Nenda salama, shemeji."

"Salama iko mikononi mwako," alimjibu, akipanda. "Mimi nashika usukani tu."

Sasa alikuwa akiokota vipande. Kibati. Skrubu tatu, kisha ya nne chini ya mkeka ulioyeyuka. Karatasi nyembamba ya shaba iliyokuwa tumbo la betri, imekunjamana na kuwa nyeusi. Akavitia vyote kwenye mfuko wa plastiki. Aliposhika ubao wa mlango ili ateremke ndipo alipoiona: kwenye kijaluba cha mlango, mahali pa kuwekea chupa ya maji, pakiti ya sigara. Nyeupe. Kona zake nne zimenyooka kama ya dukani. Kioo cha mlango kilikuwa kimeyeyuka na kutiririka hadi chini, lakini pakiti haikuwa imepata hata mvuke.

Ofisini kwa meneja alikaribishwa kiti. Miaka minane ya kazi, hakuwahi kukaribishwa kiti. Akaketi kwenye ukingo, asije akakichafua.

Meneja aliupokea mfuko, akaupima uzito mkononi, akaufungia kabatini. Kisha akamsogezea karatasi moja iliyopigwa chapa. Ilisema kwamba yeye, fundi wa umeme wa magari, alikikagua kifaa kabla ya safari akakikuta kizima, na kwamba kwa maoni yake ya kitaalamu moto ulitokana na sigara ya dereva. Chini palikuwa na jina lake lote, lile la kwenye cheti, ambalo hakuna mtu pale aliyewahi kumwita.

"Shemeji yangu havuti," alisema. "Aliacha siku mtoto wake wa kwanza alipozaliwa. Mtoto ana miaka kumi na mbili."

"Pakiti imekutwa mlangoni."

"Nimeiona. Bosi, vioo vimeyeyuka mle ndani. Hiyo pakiti haina hata moshi."

Meneja hakukasirika, na hilo ndilo lililomtia hofu. Alifungua droo, akatoa betri tatu, akazipanga mezani nukta zikitazama juu. Moja, mbili, mbili.

"Hii rangi ya nani?"

"Yangu."

"Nani alikwambia upige betri pasi?"

"Wewe ulikuwa unaona. Ulikuwa unapita pale mezani kila asubuhi, ukiniambia fanya haraka."

"Nimekuuliza nani alikwambia. Una barua? Una ujumbe wowote wenye jina langu?"

Hakuwa nao. Nani anaandikiana barua kwa jambo linalofanywa mchana kweupe?

"Kampuni ilileta betri," meneja aliendelea, sauti ya upole kabisa. "Kampuni ilileta ndoo ya mchanga. Jiliwa tulileta la kubania vyuma. Aliyetia betri kwenye jiliwa ni wewe. Aliyehesabu mara ngapi ni wewe. Unajua mwanasheria atasema nini? Atasema huyu alijua. Mtu asiyejua hahesabu."

Mama Kucha aliitazama karatasi. Maneno yalikuwa yameanza kuogelea.

"Na mdogo wangu?" aliuliza.

"Chumba cha kota za kampuni ni cha dereva. Dereva akisababisha ajali mwenyewe, familia inahama ndani ya mwezi mmoja. Huo ni utaratibu, sikuuandika mimi."

"Ana watoto wanne. Wataenda wapi?"

"Ndiyo nasema, hujalazimishwa. Usipoweka sahihi, kosa linakuwa la fundi. Mdogo wako anabaki na chumba chake, na wewe serikali inakupatia chako." Akatabasamu kidogo kwa maneno yake mwenyewe. "Mimi nakupa nafasi ya kuchagua. Wengine wasingekupa."

"Na kosa likiwa la kampuni?"

Meneja alimtazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda mahali pasipokuwepo. Kisha akatazama saa yake.

"Mkaguzi anafika saa nane. Na kabla hujasahau, pitia chumba cha skrini wakakifute kile kifaa kwenye mfumo. Kinatusumbua."

Mnyonge hana haki, watu husema, na husema kwa wepesi kama wanaosalimiana. Mama Kucha alitoka na ile karatasi ameikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa ovaroli, ilimokuwa chupa yake ya rangi. Hakuwa ameweka sahihi. Hakuwa amekataa pia.

Chumba cha skrini kilikuwa na baridi ya mashine mchana na jioni, na dada wa skrini alivaa sweta mwaka mzima. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti nzuri. Madereva walisema akikunyima kitu unatamani umshukuru. Alisimama alipomwona Mama Kucha, akampa mkono wa pole kwa mikono yote miwili.

"Hatujaonana tangu msiba."

"Hatujaonana," Mama Kucha alisema. "Nimeambiwa mkifute."

Ukuta mzima ulikuwa ramani. Vigari vidogo vya kijani vilikuwa vikitambaa juu ya mistari ya barabara, na mahali fulani upande wa juu, pembeni ya mstari, kilikuwepo kigari kimoja chekundu. Hakikutambaa. Juu yake paliandikwa: LIMESIMAMA BILA KIBALI. Siku 11, saa 1, dakika 14. Alipokuwa akisoma, dakika zikawa kumi na tano.

"Hicho ni nini?"

"Ndicho."

"Lori si liko hapo nje? Shushushu wake nimemtoa kwa mikono yangu."

"Aliposema mara ya mwisho ndipo alipobaki. Mfumo haujui kuungua, Mama Kucha. Unajua kwenda na kusimama basi." Dada wa skrini alishusha sauti. "Mimi hukipa mgongo. Nimegeuza kiti changu, unaona? Lakini namba zinabadilika, nazisikia."

"Hazina sauti."

"Najua hazina."

Mama Kucha akaelewa kwamba hayuko peke yake katika kusikia visivyosikika, na badala ya kumfariji, jambo hilo lilimfanya baridi ya chumba imwingie mifupani.

"Nasikia alipiga simu huku," alisema. "Nataka kumsikia."

"Hairuhusiwi."

"Ni shemeji yangu."

Dada wa skrini akaenda akafunga mlango. Akamvalisha spika za masikioni, polepole, kama anayemfunga mtu kitambaa cha kichwa.

Kwanza zilikuja ngurumo za injini, kisha sauti yake, ile ile, isiyo na haraka.

"Naomba kusimama."

"Sababu?" Hiyo ilikuwa sauti ya dada wa skrini.

"Kuna harufu humu ndani."

"Harufu ya nini?"

"Ya rangi ya kucha," alisema, akacheka kwa aibu, kicheko cha mtu mzima anayeona amesema jambo la kitoto.

"Harufu haimo kwenye orodha, mzee wangu. Orodha ina tairi, ajali, polisi, mzigo kulegea na kuumwa. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi jikaze ufike kituoni. Umebakiza kilomita nane tu."

"Naona kama moshi."

"Kama moshi, au moshi?"

"Mwanangu, hebu niombee kwa mkubwa wako."

"Subiri kwenye laini."

Ukapigwa muziki, ule wa kinanda ambao kila aliyewahi kuipigia kampuni simu anaujua. Nyuma ya muziki mtu alikuwa anakohoa. Alikohoa muda mrefu, kwa adabu, kama anayejizuia asimkatize mtu maneno. Kisha akaacha, na muziki ukaendelea.

Mama Kucha alivua spika. Dada wa skrini alikuwa analia bila kutoa sauti, mikono imeingia ndani ya sweta.

"Nilikwenda kumtafuta meneja," alisema. "Nilimkuta anakula. Akaniambia harufu gani tena, mwambie afungue dirisha. Nikarudi mbio. Nikasema fungua dirisha. Sijui nilikuwa namwambia nani."

"Angesimama tu. Mbona hakusimama tu?"

"Alikuwa na maonyo mawili. La kwanza alisimama kukojoa. La pili alimkuta mtu kaanguka na baiskeli, akamwinua. La tatu unarudisha funguo."

Mashine ya kuchapia iliyokuwa pembeni ikatikisika, ikatoa ukurasa mmoja. Wote wawili waliutazama. Dada wa skrini akaufikia, akausoma, akafumba macho.

"Unajiandika wenyewe," alisema. "Zikipita siku kumi na moja na saa moja na nusu, mfumo unaandika barua. Sisi hatugusi kitu. Barua isipopokewa, kigari hakifutiki, hata mimi sina uwezo." Akaikunja. "Mdogo wako yuko getini tangu asubuhi. Ameitwa aje kuchukua vitu vya marehemu. Mpelekee wewe. Mimi siwezi kumtazama usoni."

Mdogo wake alikuwa ameketi kwenye benchi la mlinzi, mtandio mweusi kichwani, mfuko wa vitu vya mumewe mapajani. Kandambili, kikombe cha bati, taulo, na redio ndogo isiyo na mfuniko. Malori matano yalikuwa yamepanga foleni ya kutoka, injini zikiunguruma mahali pamoja. Joto la saa nane kasoro lilikuwa limelala juu ya uwanja.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekula?"

"Nitakula." Alisogea kumpisha. Alikuwa amekonda mikono kwa siku chache hizo, pete ilikuwa imefungwa uzi isidondoke. "Wameniambia kuna karatasi ya kupokea."

"Ipo."

"Kabla hujanipa." Alikuwa akiongea akiyatazama malori. "Siku ile hospitali, kabla hajafumba macho, alinishika hapa. Kifua chote kilikuwa kimeungua kwa ndani, hana pumzi. Akaniambia, muulize dada yako. Nikamuuliza, nimuulize nini? Hakunijibu. Nimekaa kimya matanga yote, nikasema nyumba imejaa watu, wakiondoka dada atakuja mwenyewe aniambie. Watu wameondoka, dada. Siku ya tano leo."

Mama Kucha alifungua mdomo. Maneno aliyokuwa nayo yalikuwa machache na yalikuwa tayari, alikuwa ameyapanga usiku na mchana. Niliisikia ikialika nikajiambia ni kibao. Hayo tu. Lakini mtu anaweza kubeba gunia mgongoni safari nzima, akashindwa kulishusha mlangoni.

Akampa barua.

Mdogo wake aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Ilikuwa imeandikwa kwa jina la mumewe. Onyo la tatu na la mwisho. Limesimama bila kibali. Akaifikia sehemu ya chini, akaisoma kwa sauti, kwa sababu alidhani hakuielewa: "Dereva anatakiwa kueleza kwa mkono wake mwenyewe, katika mistari ifuatayo, kwa nini alisimama."

Mistari ilikuwa mitatu.

"Mama, ajibu yeyote wa familia," mlinzi alisema kutoka dirishani. Alikuwa mtu mzima, akatazama pembeni aliposema. "Bila jibu hawaipokei. Samahani sana."

Akamnyooshea kalamu iliyofungwa kwa kamba. Mdogo wake aliipokea, akailaza barua juu ya taulo la marehemu, akailainisha kwa kiganja kama anayemlaza mtoto. Nje ya geti gari jeupe la serikali lilipiga honi. Mlinzi akakimbilia mnyororo. Kwenye dirisha la ofisi pazia lilisogezwa, na meneja akaonekana, akimtafuta mtu kwa macho.

"Mama Kucha!" dereva wa lori la tatu aliita, kichwa nje. "Mbona umekaa? Shushushu wangu kanyamaza tangu asubuhi. Njoo unipigie pasi nitoke!"

"Mimi sikuwepo, dada," mdogo wake alisema. "Alisema nikuulize. Niandike nini?"

Gari la serikali liliwapita taratibu, likitimua vumbi jepesi. Mama Kucha alisubiri lipite. Katika vumbi lile, katika moshi wa malori matano, ile harufu ilikuwepo, tamu, karibu kabisa, kana kwamba inatoka kwenye mikono yake mwenyewe.

"Andika," alisema, "kulikuwa na harufu."

Mdogo wake aliandika. Alikuwa na mwandiko mzuri, wa mviringo, aliofundishwa na dada yake mwenyewe wakiwa watoto, sakafuni, kwa mkaa. Neno la mwisho alilimaliza bila kuweka kituo. Kisha akainua kalamu na macho pamoja.

"Harufu ya nini, dada?"

Mkono wa Mama Kucha ulikuwa mfukoni. Ulikuwa umeishika ile karatasi isiyo na sahihi, na chupa ya rangi, vyote kwa pamoja, na haukutoka.